Lexi na Mdomo wa Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimefunga matairi ya gari zima kabla bosi hajamaliza chai yake. Hakuna fundi wa matairi kama mimi mji huu. Bosi anajua, ila hasemi, anaogopa kichwa changu kitashindwa kupita mlangoni.

Nimerudi nyumbani nikakuta polisi sebuleni. Moyo ukaruka – nikadhani ni ile habari ya pikipiki ya rafiki yangu Gordon. Kumbe kaja kwa Mama! Nikashusha pumzi. Halafu nikaona aibu kwa kushusha pumzi.

Ni karatasi ya dirishani. Mama aliiandika mwenyewe kwa kalamu nene: DADA, UKIOGOPA, BISHA HODI. CHAI IPO. Basi. Hakuna picha, hakuna damu, hakuna moto wa jehanamu. Tatizo, nyumba yetu inatazamana na mlango wa pembeni wa hospitali, ule wanaopita wasichana wanaokwenda kutoa mimba. Na sheria mpya inasema eneo hili lote hakuna kumshawishi mtu. Barabarani hapana. Kumbe hata dirishani kwako hapana, mradi linaonekana.

Askari anaitwa Tulloch. Kijana, masikio yamesimama kama ya sungura. Ana adabu lakini. Akasema, Mama Gallacher, safari hii nakuonya tu. Mama akamwambia nyumba hii nimeilipia na marehemu mume wangu, hata dirisha si langu? Akasema dirisha ni lako, yanayosomeka ndiyo shida. Mama: "Na nikisali jikoni?" Akajikuna shingo. Akasema jikoni hakuoni mtu, mama yangu.

Bibi yangu Sadie, anayesikia anachotaka tu, akamuuliza kama anataka keki. Kala vipande viwili. Kaja kututisha, kaondoka na makombo kwenye tai.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Majivu. Padri kanipaka msalaba wa majivu usoni, mkubwa, utadhani ananidai. Kazini bosi akaniuliza mbona leo nimechafuka kabla ya kazi. Yeye si Mkatoliki, hajui kitu.

Kila Kwaresima Mama na wenzake walikuwa wanasimama ng'ambo ya barabara kuikabili hospitali. Rozari, chupa ya chai, biskuti. Sasa sheria imewasukuma mpaka kwenye kipilefti cha duka la mazulia, ambako wanawaombea madereva wa malori. Kati yao yuko Murdina, mama wa visiwa vya kaskazini. Kanisa lao la Kiprotestanti ni kali, hata Krismasi kwao ni anasa. Rozari anaiona kama hirizi. Kwa hiyo husimama pembeni kidogo, asije akapata baraka ya Kikatoliki kwa bahati mbaya. Lakini kwenye hili jambo moja, yeye na Mama ni chanda na pete.

Mimi sina upande. Mimi mvulana – nikifungua mdomo, pande zote mbili zinanitwanga.

Mchana kaja Morven, dada wa ustawi wa jamii anayeshughulikia mambo ya Lexi. Lexi si wa damu yetu. Aliletwa hapa ana wiki tatu, anatetemeka mwili mzima kwa dawa za kulevya alizokuwa anatumia mama yake mzazi. Mama alimbeba kifuani miezi, hata vyombo alikuwa anaosha naye. Sasa Lexi anatembea kama mlevi wa Jumamosi. Neno lake la kwanza lilikuwa "Kono", yaani Conal, yaani mimi. Mama anasema alikuwa anacheua tu. Wivu.

Mama ana msemo wake. Huwezi kusimama barabarani unamwambia mtu zaa, halafu akizaa unafunga mlango. Ukisema zaa, nyosha mikono.

Tarehe 24 Aprili hakimu ataamua kama Mama amuasili Lexi, awe mwanawe moja kwa moja. Morven kasema kila kitu kiko sawa. Mama ana kazi ya jiko la shule, Bibi atakaa na mtoto mchana, mpango umeandikwa hivyo. Lakini Bernie, akamwambia Mama, kesi ya polisi ikiingia humo, hakimu atasimamisha. Na kuna mume na mke kule Perth wanasubiri mtoto.

Mama akasema: Kwa karatasi ya chai?

Morven akasema jambo ambalo Mama hakulitegemea. Kwamba miaka ile mlipokuwa mnasimama pale, wasichana wengine walikuwa wanapitishwa nyuma, jikoni, kati ya mapipa ya taka. Kwa sababu yenu.

"Hatukumtukana mtu hata siku moja," Mama akasema.

"Najua. Na bado walipita kwenye mapipa."

Mama akanyanyuka akachochea sufuria juu ya jiko lililozimwa.

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi imetoka. Mama kaitoa mwenyewe asubuhi, gundi ikabaki kwenye kioo, akaikwangua kwa ukucha. Kwenye kipilefti pia haendi tena. Kasema mpaka Lexi awe wake kwa sheria, mdomo wake uko likizo.

Nikamwambia likizo ya mdomo wako ni likizo ya mtaa mzima. Kanirushia kitambaa cha vyombo. Hakucheka.

Jioni kaja Murdina. Hakukaa. Koti limefungwa mpaka kidevuni, anatudondoshea maji kwenye zulia.

"Dada Bernie, naona dirisha limepofuka."

"Limefumba. Kaa unywe chai."

"Sinywi chai ya mtu aliyeuza ulimi."

Bibi Sadie kwenye kiti chake: "Ananywa na maziwa, huyo!"

Mama akamwambia Murdina, nimeuza kwa ajili ya mtoto, mwenzangu. Wewe ungeuza kwa kitu gani? Murdina akasema ulimi hauuzwi. Leo dirisha, kesho jikoni, kesho kutwa wataingia kichwani wakuulize umemwambia nini Mungu. Wewe umebeba mtoto wa mwenzio aliyetupwa na dunia, halafu wewe ndiye unafungwa mdomo! Wanaosema mtoto si mtu wanasema redioni mchana kweupe. Sisi hata karatasi!

"Najua," Mama akasema. "Unadhani silijui hilo? Nimelisema kabla yako."

"Basi liseme tena."

Mama akamnyanyua Lexi kutoka sakafuni, akamweka mbele ya uso wa Murdina, karibu wagongane pua. "Mwambie yeye. Mwambie aende Perth, kwa sababu Bernie alitaka kusema."

Murdina akamtazama mtoto. Lexi akamvuta kifungo cha koti. Hakikutoka – mambo ya visiwani, vimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Mwisho alikunywa chai. Kwa kusimama, kama farasi. Wakati wa kutoka akasema atamwombea Mama. Mama akajibu: Omba kwa sauti, Murdina. Wewe bado unaruhusiwa.

Jumapili, 30 Machi

Sikukuu ya akina mama huku kwetu. Nimempikia Mama mayai, soseji za bapa na mikate ya viazi. Nimeunguza upande mmoja tu, wapishi wa hoteli wanaunguza pande zote.

Lexi kaleta kadi kutoka kwenye kikundi cha watoto anachokwenda. Unyayo wake kwa rangi ya zambarau, na chini mwalimu kaandika KWA MAMA. Mama kaitazama mpaka chai ikapoa. Kasema, bado sijawa. Bibi akamwambia acha upuuzi, nani kamfuta huyo mavi mwaka na nusu, hakimu?

Kanisani padri kaomba kila mama asimame apewe ua la njano. Mama kasimama. Nyuma yetu nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake: ndiye yule wa dirishani, wamemtisha kidogo tu kakunja mkia. Nikageuka nikamwonyesha sura yangu ya gereji. Akanyamaza. Sura hii ni mali.

Mama kaomba ua la pili. Padri akadhani ni la Bibi. Nyumbani kaliweka kwenye chupa ya jemu, peke yake, kwenye kidirisha cha ngazi. Nikauliza la nani. La mama yake Lexi, kasema. Alikuwa mtoto mwenyewe, na mlango ule wa pembeni anaujua ulipo. Hakuupita. Alimbeba mpaka mwisho akiwa na hali ile.

Nikaijaza chupa maji bila kuambiwa. Ajabu kweli.

Jumanne, 8 Aprili

Niko nyumbani, nimejibana kidole na chuma cha gereji. Kimekuwa kama bilinganya. Sikulia. Nilitokwa na machozi, si kitu kimoja.

Mvua. Mtu akabisha hodi. Nikafungua – msichana, umri wangu, koti jembamba, nywele zimemnata usoni. Nikajiweka sawa, nikaficha bilinganya. Hakunitazama hata. Akamwona Mama nyuma yangu.

"Samahani. Si hapa palikuwa na karatasi dirishani?"

Mama akasogea mbele. "Palikuwa nayo."

"Chai bado ipo?"

Mama akachungulia barabarani kushoto na kulia, kama mwizi, mlangoni kwake mwenyewe. Akasema chai haijakatazwa. Ingia, mwanangu.

Jikoni akavua koti, anatetemeka. Mama akampa sweta la Baba. Mkate, siagi, chai sukari nyingi. Lexi akamletea kipande cha mkate alichokwisha kukitafuna, akakiweka gotini pake kama zawadi. Yule dada akacheka, na cheko lenyewe likageuka njiani likawa kilio.

Kisha akauliza. "Mama, ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Swali hilo Mama amelisubiri maisha yake yote! Jibu lake nalijua kwa moyo. Kamjibu mpita njia na mbwa wake, kamjibu msoma mita ya umeme ambaye hakuuliza chochote. Nikaona mdomo wake unafunguka. Nikaona unafungwa.

"Siwezi kukujibu hilo."

"Kwa nini?"

"Nimeahidi."

Msichana akamtazama. Hakukasirika, ndiyo mbaya. Akasema, basi sawa. Mpenzi wangu kaninyamazia. Mama yangu kaninyamazia. Pale hospitali kila mtu mpole ananiambia ni uamuzi wako, ni uamuzi wako. Nilidhani hapa kuna mtu atakayesema kitu, hata kama ni kibaya, nigombane naye.

Mama kashika birika kwa mikono miwili. Kitu pekee alichouliza: una mtu wa kukurudisha nyumbani? Hana. Basi Conal atakusindikiza, akasema. Upande wowote utakaokwenda.

Nikatoka naye na mwavuli. Getini akasimama muda. Kushoto kituo cha basi, mbele hospitali. Nikamwachia mwavuli wote, mimi nikalowa. Akavuka. Nikamfikisha mlango wa pembeni. Akasema nisimngoje. Nikamngoja kituoni mpaka mabasi yakanichoka. Sikumwona akitoka. Labda kuna mlango mwingine.

Nimerudi, Mama yuko kwenye sinki anaosha kikombe cha yule msichana. Nikapanda, nikashuka, bado anakiosha kilekile.

Bibi akamwambia, umempa chai na joto, Bernadette, umefanya ulichoweza.

Mama: "Hata Pilato alikuwa na maji ya kunawa."

Hakula jioni.

Jumatano, 23 Aprili

Kesho! Mama kamnunulia Lexi gauni la njano. Morven kasema baada ya hakimu kusaini, watu hupiga picha nje kwenye ngazi za mahakama. Tangu Pasaka mvua haijakata, Bibi anaona hii ni fedheha binafsi.

Sasa kuna jambo la Bibi lazima niliandike, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kwao Donegal, usiku wa kuamkia harusi, wanamtoa nje Mtoto wa Praha ili jua liwake. Ni sanamu ya Yesu mtoto, joho jekundu, taji kichwani, kamfalme kadogo kenye mashavu. Anawekwa nje alale huko, aone mwenyewe mvua ilivyo mbaya. Na Bibi anasema hafanyi kazi sawasawa mpaka kichwa kimevunjika! Ila kivunjike chenyewe. Ukikivunja kwa makusudi, umejitafutia balaa.

Nikamwambia Bibi, kesho si harusi. Akasema: "Mtoto kupata mama ni zaidi ya harusi, we mbumbumbu. Harusi zinavunjika."

Baada ya chai, Mama yuko juu anamwogesha Lexi, Bibi kavaa viatu vyangu vya mpira, kambeba Mtoto kwenye taulo, kamweka juu ya ukuta wa mbele, wa barabarani. Nimemwangalia dirishani, anamnyoshea kidole sanamu, anamgombeza. Kachungulia mawingu, karudi ndani anatembea kama jenerali.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua! Jua kali, barabara inafuka mvuke. Nimeamka na kicheko. Lexi kashavaa njano, kajipaka uji wote tumboni, Mama hajali, Mama anaimba. Morven kaja mapema atusindikize. Bibi kajifungia chumbani anatafuta pini ya kofia. Mama kanambia nimependeza. Kweli nimependeza.

Hodi. Tulloch.

Hakutaka keki. Ana mfuko wa plastiki, kauweka mezani kati ya vikombe. Ndani yake Mtoto wa Praha. Mwili upande mmoja, kichwa upande mwingine.

Upepo ulimwangusha. Alikuwa chini kwenye njia ya miguu, joho jekundu, hana kichwa, ametazama mlango wa hospitali. Ndivyo walivyomkuta mume na mke waliokuwa wanaingia asubuhi. Mwanamke kapiga kelele mpaka wauguzi wakatoka. Tulloch akasema – nadhani hakutakiwa kusema – kwamba hata hawakwenda kutoa mimba. Mtoto wao kafia tumboni. Walikuwa wanakwenda kumtoa huyo.

Mama alikaa. Akajifunika mdomo kwa kiganja. Akasema, Mungu wangu, yule mama. Yule mama maskini.

Tulloch: "Nani kaiweka pale?"

Nikasema ni ya hali ya hewa.

"Nini?"

"Unaiweka nje, jua linawaka. Tazama nje! Na kichwa kikivunjika ndiyo bora zaidi."

Akanitazama. "Kijana, nimekuja hapa na sura ya yule mwanamke machoni. Unanifanya mjinga?"

Nikamtazama Morven. Nilidhani atacheka, atasema najua, nyanya yangu naye hufanya hivyo. Alikuwa amefunga faili lake, kaweka mikono juu yake, na uso umempauka. Akasema polepole: "Bernie. Niambie si mtu aliyemo kwenye mpango wa Lexi."

Hapo nikaelewa. Mimi si mjinga kama shule ilivyoandika. Mama akiwa ndiye, Lexi anakwenda Perth. Bibi akiwa ndiye, Bibi ndiye wa kukaa na Lexi mchana – Perth. Na ukweli hakuna atakayeuamini. Miaka yote Mama kasimama pale, leo mtoto mwekundu asiye na kichwa mbele ya ukuta wake, useme ni mvua? Lakini mimi mwezi ujao ninahamia chumba cha juu ya gereji. Mimi simo. Mimi ni mpuuzi tu wa nyumba hii, mji mzima una ushahidi.

"Ni mimi," nikasema. "Mzaha. Nilidhani itachekesha."

Tulloch akauliza kichwa nilikivunja mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza Mama alijua. Nikasema hakujua kitu, alikuwa anaogesha mtoto – na hiyo angalau ni kweli. Akanitazama kama kitu kilichonata kwenye kiatu. Nimezoea kutazamwa, lakini si hivyo. Akasema nivae koti, nitakwenda naye.

Naandika nikiwa bafuni, mlango nimefunga, nimekaa ukingoni mwa bafu. Nimewaambia natafuta viatu. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.

Mama anajua sanamu ni ya Bibi, na Mama hajawahi kusema uongo. Sitii chumvi. Mtu ambaye hataki kuongea naye akipiga simu, Mama anaipokea mwenyewe: nipo, ila sitaki kuongea nawe. Nilipokuwa mdogo nilivunja dirisha nikakana: nilipigwa kwa uongo, kwa dirisha sikupigwa. Na mambo haya yote, barabarani, dirishani, alikuwa anasema hivyohivyo: ukiuona ukweli ukanyamaza, umekwishasema uongo.

Chumba cha pili Bibi anaimba. Kapata pini. Ananiita kupitia ukutani: "Conal! Limewaka?"

"Limewaka, Bibi! Kaa hapohapo kidogo!"

"Nilikwambia mimi! Kichwa je? Kimetoka?"

"Kaa, Bibi, tafadhali."

Chini nasikia kila kitu, sakafu za nyumba hii ni karatasi. Lexi anapiga kijiko mezani. Tulloch anasema, Mama Gallacher, kabla sijamchukua, nataka nisikie kwako. Mwanao anasema ni yeye. Ni yeye?

Kijiko.

Anauliza tena, kwa upole zaidi. Bernadette. Ni yeye?

Sauti ya Mama iliwahi kusimamisha basi kutoka ng'ambo ya barabara. Nimepiga magoti sasa, sikio liko sakafuni. Nasikia kiti kinasogea. Nasikia Lexi anasema Kono.

Mama hajajibu. Bado hajajibu.